Hita Kubwa Bafuni kwa Mama

Sisi tuliokulia Bungu miaka ile hatukujua maji ya moto ya bombani. Yalichemshwa uani kwenye debe, juu ya mafiga, ukungu ungali umekaa mlangoni na moshi wa kuni mbichi ukitutoa machozi. Baba alioga kwanza, kisha wasichana, halafu sisi wavulana kwenye beseni moja. Wa mwisho alijipaka maji zaidi ya kuoga, na shuleni mwalimu wa zamu alimjua kwa kumtazama shingo tu. Vijana wa leo wakikuta maji ya vuguvugu wanapiga simu kwa fundi.

Mama alikuwa na amri moja isiyojadiliwa. Jioni za Julai, kabla ya kuingiza jiko la mkaa ndani, alifungua dirisha la mbao na kuliegemezea kijiti. Tulinung'unika kwamba tunaganda. Alisema, "Baridi itawatetemesha tu. Mkaa utawalaza moja kwa moja."

Sikumbuki kumwona akioga maji ya moto. Debe liliisha kabla ya zamu yake. Ndiyo maana nilipopata kazi nilimfungia hita ndogo ya gesi, ikamtosha miaka mingi.

Mwezi uliopita mdogo wangu Hoza, anayeishi na mama, aliona hita ile ni ndogo: wajukuu wakija likizo, wa tatu anaoga baridi. Akanunua kubwa mara mbili, akaita fundi kutoka mjini Korogwe. Mimi nilipanda kutoka Kilole kesho yake, nikaikuta inang'aa ukutani. Mama alikuwa anatoka kuoga, ameshika ukuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kichwa kinagonga, mwanangu. Miguu si yangu."

Shemeji, mke wa Hoza, alisema ni presha. Nilimkalisha nje kwenye upepo, nikafunga mtungi wa gesi, nikaingia bafuni kuangalia. Bomba la kutolea moshi lilikuwa lile lile la hita ndogo, jembamba, limeungwa na mdomo mpana wa hita mpya kwa kipande cha bati. Matundu ya hewa juu ya mlango yalikuwa yamezibwa kwa mifuko ya saruji, eti ukungu usiingie. Maelekezo yalikuwa bado ndani ya boksi, nailoni haijafunguliwa.

Nilimpigia fundi.

"Mzee wangu, kwani maji hayachemki?"

"Yanachemka. Moshi unatokea wapi?"

"Gesi haina moshi, mzee! Huo ni wa mkaa huo."

Nilimwambia kila kinachowaka kinakula hewa, na kinachobaki kinaua bila harufu. Akacheka. Hoza naye akasema, "Kaka, usitutishe na makaratasi yako. Hivi ni vitu vya kisasa."

Fundi namsamehe nusu; hakulelewa na mama yangu. Hoza alikaa nami kwenye jiko lile lile, akayasikia maneno yale yale, kisha akamfungia mama huyo huyo ndani na moto. Nilimjibu mbele ya watoto wake maneno ambayo sitayaandika hapa, na siyajutii.

Tulimkimbiza mama hospitali, wakamwekea oksijeni, akalala huko siku mbili. Daktari alisema angekaa bafuni dakika chache zaidi, tungezungumza mengine. Niliing'oa hita kwa mikono yangu, nikaihamishia ukuta wa nje na bomba la kipimo chake. Sasa inafanya kazi vizuri, na wajukuu wanaoga huku wakiimba mpaka vioo vinalia jasho.

Utotoni maji ya moto yalikuwa haba, na aliyeyachemsha alituangalia mpaka tumetoka salama. Leo yamejaa nyumba nzima, hakuna anayemwangalia mwenzake. Nilimweleza mama kila kitu, nikamwonyesha bomba. Alinisikiliza kwa heshima, akachukua ndoo na kopo.

"Nichotee ya baridi, mwanangu. Hayo waachie watoto."