Alasiri Walipowasha Injini Kule Forest

Mzee niliyekuwa nikimhudumia mtaani Laeken, Brussels, alikuwa ametumia ujana wake wote kwenye injini za ndege za jeti. Nililijua hilo tangu wiki ya kwanza, kwa sababu masikio yake yalikuwa yamekufa nusu na alipenda kueleza ni nini kiliyaua. Alikuwa mhandisi wa majaribio. Injini mpya ilifungwa ndani ya chumba cha zege, ikawashwa kwa nguvu zake zote, naye alisimama nyuma ya kioo kinene kuona kama itastahimili. Habari hizo alinisimulia nikimvalisha soksi, nami nilizisikiliza kama mtu anavyosikiliza redio akiwa kazini.

Habari zangu sikumwambia. Nilitoka Kivu, mashariki mwa Kongo, nikiwa msichana, mwaka ambao ndege ya kivita ilipita chini sana juu ya mtaa wetu. Kwanza ilipita ndege, ndipo ukaja mlio, na baada ya mlio nyumba ya majirani haikuwepo tena. Brussels nilizoea baridi, nikazoea tramu, nikazoea kusemeshwa polepole kama mtoto. Ndege zinazoteremka kwenda uwanjani sikuzizoea. Zikipita, mikono yangu iliacha ilichokuwa ikifanya.

Majira ya baridi yalipokwisha, mzee akaniambia kwamba wastaafu wenzake wameifufua injini moja ya zamani, mojawapo ya zile walizozijaribu pamoja walipokuwa vijana. Jumamosi wangeiwasha katika ua wa karakana moja katika mtaa wa Forest. Binti yake alikuwa safarini, hivyo mzee alitaka mimi nimpeleke.

"Ni injini ya ndege gani?" nikauliza.

"Ya kivita. Wakati ule karibu zote zilikuwa za kivita."

"Mliziuza wapi?"

"Kwa waliozitaka." Akanitazama. "Kwa nini unauliza?"

Nikamwambia maji yake ya kuoga yanapoa.

Dada yangu mkubwa alikuwa na duka dogo mtaani Saint-Josse, akiuza sombe ya majani ya muhogo na samaki wakavu. Nilipomweleza, aliweka kisu chini.

"Ule muntu alitengeneza ndege za vita, na wewe unamupikia supu? Bon, supu ni kazi. Lakini kuenda kusimama pale wanawasha ile kitu, hapana. Ukianguka, nani atakuinua?"

"Nitainuka mwenyewe."

"Donc ulishaamua. Sasa juu ya nini unaniuliza?"

Jumamosi nikamsukuma mzee kwenye kiti chake cha magurudumu hadi ndani ya ua. Injini ilikuwa imefungwa kwa minyororo juu ya trela, kama pipa refu, ndogo kuliko nilivyoiwazia. Wenzake watatu walijifungia ndani ya kibanda chenye dirisha, masikio yamefunikwa. Sisi tuliwekwa kando, nyuma ya uzio wa chuma.

Mara ya kwanza injini ilizunguka, ikalia kwa sauti nyembamba, kisha ikazimika yenyewe. Mzee akakunja uso.

"Mafuta yameingia na hayakuwaka," akasema. "Sasa yametuama mle ndani. Lazima wayamwage kwanza, la sivyo yatashika moto yote kwa pamoja."

Lakini sauti nyembamba ikaanza tena. Mzee akapiga kelele, na kelele yake haikufika popote. Akajaribu kusimama, akashindwa, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Nenda. Waambie wakate mafuta."

Mlio ulikuwa ukipanda, na ulikuwa ule ule wa Kivu. Nikakimbia hata hivyo, nikazunguka uzio, nikagonga dirisha kwa viganja vyote viwili. Mmoja wao akanionyesha kwa kidole nirudi nyuma. Nikapitisha mkono shingoni, mara nyingi, kama mtu anayechinja. Kukatokea kishindo nyuma yangu, na moto niliuona kwenye kioo kabla sijageuka. Yule mtu akavuta wenzo wa kukatia mafuta.

Ulimi wa moto ulitoka nyuma ya injini, ukaramba ukuta, ukateketeza turubai lililokuwa limetundikwa pale, kisha ukapungua. Hakuna aliyeumia. Wazee wakatoka, wakashikana mabega, mmoja akicheka cheko la hofu. Mimi nilikuwa nimechuchumaa, mikono masikioni.

Mzee wangu akajisukuma mwenyewe hadi nilipo.

"Umeungua?"

"Hapana."

"Ulikuwa ukitetemeka kabla ya moto. Nilikuona."

Nikamwambia pale pale. Kwa kuwa hasikii vizuri, ilinibidi niseme kwa sauti kubwa, na wenzake wote wakasikia: ndege, mlio, nyumba ya majirani. Kisha nikamuuliza, "Ilikuwa injini yenu?"

Aliitazama ile injini juu ya trela.

"Sijui. Ingeweza kuwa. Zilitoka kwetu ndani ya masanduku. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hazipasuki."

"Na hazikupasuka."

"Hapana," akasema. "Zilikuwa nzuri."

Nyumbani Laeken nilimpashia supu, hakuigusa. Aliniuliza nani waliishi katika nyumba ile. Nikakaa kwenye kiti mbele yake nikamweleza mmoja mmoja, nikipaza sauti, na kila nilipomaliza alisema, "Endelea."

Sikumsamehe, kwa kuwa sikujua kama kuna kosa lake la kusamehe. Kazi pia sikuiacha. Nilimhudumia mpaka binti yake alipomchukua wakaishi pamoja karibu na bahari, na swali la injini hatukulirudia.

Jumapili, siku moja baada ya moto ule, dada yangu alitaka kujua ilikuwaje. Nikamwambia mzee aliuliza juu ya majirani.

"Ulimuambia juu ya ile maman mwenye kuuzaka samaki za sambaza?"

"Nilimwambia."

"Alikuwa na batoto," akasema. "Hiyo pia ulimuambia?"

"Na hiyo pia."