Mume Wangu Hakosi Kilio

Mume wangu hakosi kilio. Mtu akifa hapa mtaani kwetu Kapata, hata kama walionana mara moja tu kwenye foleni ya mkate, yeye huyo, amefika. Anafunga turubai, anabeba viti vya plastiki, anawakemea wapishi juu ya chumvi. Nadhani marehemu wengine wangeamka wangemwuliza, "We ni nani?" Watu wanamsifu kwamba ni mtu wa watu. Ni kweli kabisa. Sisi wa nyumbani tunapata kilichobaki.

Mwaka huu kanisani wakampa kazi ya kufundisha wazazi. Mawee! Alisimama na suti yake ya kahawia, akajipiga kifua: "Mutoto ni mbele ya bintu byote! Mbele ya kazi, mbele ya bandugu!" Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, nimeziba mdomo na kitenge nisicheke. Nyani haoni kundule.

Lakini binti yetu aliyaamini maneno yale yote. Bado mdogo, anaamini kila kinachosemwa kanisani. Tukiwa njiani kurudi akamshika baba yake mkono.

"Tata, basi utakuya ku proklamasyo yangu?"

Hiyo ndiyo siku ya kufunga mwaka shuleni. Majina yanasomwa mbele ya wazazi, na mtoto aliyefaulu anamwagiwa poda kichwani mpaka anafanana na mtu aliyeanguka ndani ya gunia la unga. Kwetu hilo si jambo dogo. Mtoto akirudi nyumbani bila poda, mtaa mzima unajua amefeli.

Baba akaapa. "Mi mwenyewe njo nitakumwangia."

Siku yenyewe ikafika. Asubuhi viatu vyake vinang'aa, kopo la poda liko mfukoni mwa koti, simu ikalia. Shemeji wa mtu aliyefanya naye kazi zamani mgodini amefariki. Shemeji!

"Tata," nikamwambia, "ule amekwisha kufa, hana tena haraka. Mutoto njo anakungojea."

"Mi napita pale kidogo tu. Nafunga turubai, nakuya."

Namjua. Turubai la mume wangu halifungiki mpaka bukari, ule ugali wa wafiwa, iive. Akaondoka, na poda ikaenda naye kilioni.

Binti yetu alikuwa wa pili darasani. Wa pili! Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Nikaomba poda kwa jirani, nikamwendea mikono imejaa. Akarudi nyuma.

"Hapana, mama. Ni ya tata."

Wenzake wote weupe, wanarukaruka na baba zao, wengine wamebebwa mabegani. Yeye na misuko yake myeusi, amesimama anaangalia geti. Kila mwanamume aliyeingia alimfanya anyooshe shingo. Tulikaa pale mpaka walimu wakaanza kuingiza meza ndani, na nikamvuta kwa mkono twende. Nilimchukia mume wangu siku ile. Nilimchukia yeye na turubai lake, na Mungu anisamehe, na yule shemeji pia.

Jioni tukiwa tunakula bukari na sombe ya majani ya muhogo, mume wangu akaingia anacheza tangu mlangoni, kopo mkononi, habari ameshaipata njiani. "Wa pili! Mutoto yangu, wa pili!" Akalifungua kopo ammwagie palepale mezani.

Binti akafunika sahani yake kwa mkono. Hakulia; afadhali angelia. Akamwuliza kwa adabu, vile anavyomwuliza mwalimu wake:

"Tata, siku mi nitakufa, utakuya?"

"Aka! Usiseme bile! Nitakuya, kwa nini nikose?"

"Mapema?"

Mume wangu akanigeukia nimsaidie kujibu. Nikachota sombe, nikala.