Mama Mkwe Yuko Nyuma Yangu

Hii aibu nimeikalia miezi minne, na naisimulia leo kwa sababu mke wangu ameshaanza kuisimulia sokoni, na yeye anaongeza chumvi.

Mimi mnanijua, situlii. Sasa diski ya kiunoni ilipochomoza ikabana mshipa wa fahamu, mguu wa kushoto ukawa unawaka moto toka makalioni mpaka kidole gumba, kukaa siwezi, kulala siwezi, nazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Madaktari bingwa wakaja kuweka kambi hapa Sumbawanga, wakasema watakitoa hicho kilichochomoza kwa kitundu kidogo tu, kamera inaingia, nami nitakuwa macho, nimepigwa ganzi. Hapo ndipo nikafanya ujinga wangu: nikamwambia mama mkwe nakwenda Milepa kuangalia mpunga. (Mama mkwe ni muuguzi kule Namanyere, na msimu uliopita niliposhindwa kumlimia matuta ya maharage alisema mbele ya shemeji zangu kwamba migongo ya vijana wa mjini ni ya kuegemea viti. Ningemwambiaje?)

Siku yenyewe nikalazwa kifudifudi, gauni limefunguliwa nyuma, juu wametandaza mashuka ya kijani yenye dirisha kiunoni (dirisha lenyewe lilishuka chini kuliko nilivyopenda). Daktari akaniambia, "Kazi yako ni moja. Usisogee, na ukisikia shoti mguuni sema hapo hapo, maana niko jirani na mshipa. Ukinyamaza unaweza kubaki na mguu usionyanyuka." Tukaanza, nikawa naripoti kama mtangazaji wa mpira.

Katikati muuguzi mmoja akatoka, akaingia mwingine kumpokea, nikasikia nyuma yangu, "Samahani daktari, gari la Namanyere limechelewa." Jamani, sauti ya mama mkwe naijua hata mashine ya kusaga ikiunguruma. Kumbe kambi iliazima wauguzi wa wilayani. Mwenzenu nikapoa. Mama ambaye hata kula naye meza moja naona haya, leo ananitazama dirishani chini ya taa kali. Nikajipa moyo kwamba hajui ni kiuno cha nani, ilimradi nisifungue mdomo.

Daktari akauliza, "Unasikia chochote?" Kimya. Shoti ikapita mpaka unyayoni, nikang'ata mto. Akauliza tena, nikajibu kwa kasauti kembamba ka mtoto wa chekechea, "Hapana." Mguu ukaruka wenyewe. Daktari akasimamisha kila kitu, akasema, "Mwangalieni mgonjwa, kuna kitu hakiko sawa," na nikaona viatu vya plastiki vinazunguka kitanda, vinakuja mbele, mtu anachuchumaa, macho yaliyo juu ya barakoa yakakutana na yangu.

"Baba Fausta?"

Nikasema, "Shikamoo mama."

Akaitikia marahaba taratibu, kisha akaninong'oneza, "Huo mguu ndio unaompeleka mjukuu wangu shule. Mjibu daktari." Akabaki hapo chini, akanishika mkono (mama mkwe wangu, ananishika mkono), nami nikasema kila kitu, hapa nasikia, hapa sisikii, machozi yananitoka na wala hayakuwa ya maumivu.

Mguu umepona, natembea. Ila nimeapa, siku hizi hata nikiumwa jino, mama mkwe anajua kabla ya mke wangu.