Maji Waliyoyakataa Bwenini

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka vizuri kuliko nilichokula jana. Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni huku Newala, na nilikuwa nimempenda msichana mwenzangu. Kumpenda kweli, yaani akicheka nami, nashinda na furaha kutwa. Nilimwambia rafiki mmoja tu. Kesho yake bweni zima lilijua.

Hawakunipiga. Walikataa maji yangu, na hilo liliniuma zaidi. Enzi hizo tulishuka bondeni kuteka, tukapanda mlima na ndoo kichwani, na tukifika kila mtu alichota kwa mwenzake bila kuuliza. Ndoo yangu ikawa haiguswi na mtu. Nikafunga nguo zangu niache shule.

Ndipo akaja somo yangu, bibi aliyenifunda unyagoni, kwa miguu kutoka Kitangari. Matroni alimwita aje anikanye. Nilijua atanikana mbele za watu.

"Shikamoo, bibi," wasichana wakamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Nina kiu."

Wakakimbilia ndoo zao. Akauliza, akinitazama mimi, "Ya somo yangu iko wapi?" Wakaitupia macho. Akaifuata mwenyewe pembeni, akachota akanywa, akachota tena akanawa uso.

"Mwali huyu nimemcheza mimi unyagoni," akasema. "Anayemkataa huyu kanikataa na mimi. Haya, nani mwingine ana kiu?"

Msichana mmoja akasogea na kikombe, kainamisha kichwa. Akafuata wa pili. Wengine hawakusogea mpaka tunamaliza shule, sikufichi. Lakini nilifungua mzigo wangu, nikabaki, nikasoma.

Siku ile tulipobaki wawili na bibi, nikamwuliza kama amenikasirikia. Akasema, "Mambo yako mengine siyaelewi, somo. Lakini wewe nakujua." Nililia mpaka kanga yake ikalowa.

Basi mwanangu, wewe ambaye moyo wako hauendi unakokwenda wa wenzako, usiache shule kwa sababu ya midomo ya watu. Usimwambie kila anayekuchekea. Tafuta mtu mzima mmoja anayekupenda, asiyekuonea haya, umwambie huyo. Na wewe mwenye wenzako wengi, usingoje bibi wa watu aje akufundishe utu. Kaa na mwenzako leo.

Mungu akulinde darasani na bwenini, akupe wa kucheka naye, na akujalie uzee mrefu ukiwa wewe yule yule.