Nilikana Vipimo vya Shemeji Yangu

Asifiwe Mungu mwenye subira, aliyenipa uzee nisioustahili, na mvua, na migomba inayozaa hata shambani mwa mtu kama mimi. Namshukuru kwanza, maana nikishaanza kusema huenda mkaniona sifai hata kulitaja jina lake.

Nilikosa. Wala haikuwa bahati mbaya. Nililipiza kisasi, na kisasi kile nilikifurahia!

Mimi ni fundi cherehani wa Nyakasimbi, na kwa miaka mingi nimekuwa mzee wa kanisa. Mdogo wangu wa kike, nitamwita Paulina, aliolewa na fundi mwenzangu, mtu mcheshi ambaye wazazi wake walitoka Rwanda. Kushona nilimfundisha mimi, barazani kwangu.

Mwaka 1978 shemeji huyo akanunua cherehani ya mkono, akaifunga nyuma ya baiskeli, akaanza kuzunguka. Leo Kayanga, kesho kutwa gulio la Nkwenda, halafu nyumba kwa nyumba kuelekea mpakani. Alilala kwa wateja, akala kwao, akashonea familia nzima, kisha akasonga mbele. Baada ya wiki tatu alirudi na shilingi mia sita! Mimi nikipata mia na hamsini kwa mwezi mzima nilipiga magoti kushukuru.

Jumapili moja, nje ya kanisa, watu wanatafuna buni kavu za kahawa, kama desturi yetu, na kupiga soga, mtu akamuuliza kama ni kweli anapata hela zote hizo.

"Kweli tupu," akasema. "Shemeji yangu hapa anangoja nguo zichanike, zije zenyewe barazani. Mimi nazifuata ziliko!"

Watu wakacheka.

"Shemeji, hiyo cherehani yako imeota mizizi. Iangalie, itazaa ndizi!"

Hata mchungaji alicheka. Na mimi nilicheka, kwa meno tu.

Mwezi huohuo kwaya ikampa yeye kushona sare zote. Mke wangu ni mwanakwaya. Siku ya sare mpya akaingia kanisani amevaa mshono wa yule mtu, akanipita nilipoketi na wazee wenzangu. Wapendwa! Nilisali Sala ya Bwana nikaruka pale pa kusamehe.

Mwaka haujaisha, vita ikaingia mkoani kwetu. Kila mpita njia alikuwa adui mpaka ajieleze. Nikaona mlango wangu umefunguka. Nilikwenda kwa kiongozi wa ulinzi wa kijiji, nikaongea kwa upole, kama mtu anayeumia.

"Sisemi ni mbaya, ni shemeji yangu. Ila analala kila nyumba mpaka mpakani, na ana daftari lenye majina ya watu na tarakimu. Mimi sijui maana yake. Muulizeni tu."

Wakamkamata njiani. Kesho yake wakaniita. Daftari lilikuwa wazi mezani: jina la mtu, kisha 17, 24, 38. Jina lingine, 15, 22, 34. Ukurasa hata ukurasa. Alikuwa na haraka zake, hakuandika bega wala mkono wala kifua.

"Mzee," kiongozi akasema, "wewe ni fundi, tena mtu wa Mungu. Hivi ni vipimo vya nguo, au anawahesabia adui wa ng'ambo ya mpaka askari wetu?"

Shemeji alikuwa amekaa chini, hana viatu. Aliponiona akatabasamu kabisa. "Shemeji, afadhali umekuja. Waambie, tukale."

Mimi vipimo huviandika kwa maneno. Lakini namna yake nilijua kuisoma kama ninavyosoma Zaburi.

"Mimi vipimo vyangu siviandiki hivi," nikasema.

Basi. Ilikuwa kweli! Na katika maisha yangu yote sijasema uongo uliofanya kazi kama kweli ile.

Walimshikilia miezi saba. Paulina alikuja kwangu analia na watoto watatu. Niliwalisha, nikawapa na unga wa kwenda nao. Alinibusu mikono. "Kaka, Mungu akulipe." Alisema hivyo! Na mimi usiku nililala vizuri, msidhani vingine. Nilikumbuka kicheko cha pale kanisani, nikaona utamu.

Mapigano yaliposogea mbali, nilinunua cherehani ya mkono, nikaifuata njia yake. Nilitaka zile mia sita. Nkwenda hakuna aliyenipa pa kulala, nikalipia chumba, nikalipia chakula. Nyumba moja bibi kizee alinitazama nikifungua mashine, akauliza, "Fundi wetu yuko wapi? Yule huchota maji kwanza, ndipo akae." Nilirudi nyumbani na pesa pungufu ya niliyoondoka nayo.

Shemeji akaachiwa. Alirudi amekonda, anakohoa, bila mashine. Akawa kibarua kwenye mashamba ya kahawa ya watu. Siku moja alinikuta peke yangu, nikaanza kujieleza, akanikatiza.

"Sijamwambia Paulina, wala sitamwambia. Utamwambia wewe."

Ndicho kisasi chake, na alikitunza kuliko nilivyotunza changu. Kila Pasaka na kila Krismasi waliniita mezani kwao. Paulina akinipakulia, yeye huniuliza taratibu, "Shemeji, huna neno la kumwambia dada yako?" Nami hujibu, "Nashukuru kwa chakula." Miaka kumi na mbili!

Pasaka hii aliuliza tena. Sauti yake imekwisha kwa kikohozi, ilibidi niiname nimsikie. Nikasema. Nilisema yote, daftari, kiongozi, sentensi yangu.

Paulina hakupiga kelele. Aliinuka, akaondoa sahani mbele yangu nikiwa bado natafuna.

"Mwache kaka yako amalize kula," shemeji akamwambia.

"Huyu si kaka. Ameninunua kwa unga."

Alifungua mlango, akasimama pembeni yake mpaka nikatoka. Tangu siku hiyo nikimpita njiani haitikii salamu. Mungu ameshanisikia toba yangu, naamini. Dada yangu bado, na sina haki ya kumharakisha.

Wewe unayemhesabia mwenzako anapata ngapi huko anakozunguka na kazi yake, mfuate ukamuulize anaishije na watu. Na siku ukiitwa umshuhudie adui yako, shuhudia yote unayoyajua. Ukisema nusu, nusu iliyobaki utakaa nayo mezani miaka na miaka.

Wewe uliyenisoma, Bwana akuweke mbali na furaha kama niliyoipata mimi. Abariki mikono yako na safari zako, na nyumba ya ndugu yako isikufungie mlango kamwe. Amina.