Mkono Wenye Macho

Vita vya ukombozi vilipotukaribia, mimi na mke wangu tulihamia kisiwani, ng'ambo ya mkondo mwembamba wa mikokoni. Mama mkwe alikataa kuacha shamba lake la muhogo upande wa bara, karibu na kambi ya Wareno. Mwanamume akionekana kule alikamatwa. Naye kuja kwetu katika mtumbwi mmoja na mimi, magoti yakigusana, ingekuwa aibu ya ukoo mzima. Basi mtumbwi mtupu nikaufunga kamba mbili, moja kwake, moja kwangu. Yeye hupakia muhogo, hutikisa kamba, mimi huvuta.

Mikoko ilinizuia kuuona mtumbwi, lakini nilijisifu kwamba mkono wangu una macho. Yale mawili niliyozaliwa nayo niliyafumba, yasinisumbue, nikamtangazia mke wangu safari: "Sasa umepita jiwe. Sasa unapinda." Yeye nilimkataza kunikatiza.

Asubuhi moja kamba ilikuwa nzito ajabu. "Leo mama katujalia!" nikasema, nikavuta mpaka viganja vikachubuka. "Huo unakuja, unakuja!"

Nikasikia mtu akikohoa, nikafumbua macho. Maji yalikuwa yamekupwa zamani, mtumbwi umekwama kwenye tope huko huko bara, na mama mkwe kasimama mbele yangu, matope mpaka magotini, kapu la muhogo kichwani. Mkwe hasemi na mkwe, kwa hiyo alimgeukia binti yake.

"Mwambie mumeo aiachie hiyo kamba. Asije akatuvutia bara zima huku, na Wareno wake."