Mwali Mabegani, Kiuno Kikiuma

Dada yangu alipokuja kunipa habari kwamba mwanawe atatolewa nje baada ya mavuno, alisimama mlangoni, hakutaka kukaa. Nikajua ana jambo. Kwetu mlimani, mwali anapotolewa hakanyagi ardhi. Mjomba wake humpandisha mabegani na kucheza naye uwanjani mpaka ngoma inyamaze. Mjomba mwenyewe ndiye mimi, na wakati huo nilikuwa mtu wa kitandani.

"Kaka," akasema, "nimezungumza na ndugu yetu wa relini. Amekubali kumbeba."

Huyo ndugu alikuwa mtoto wa mama yetu mkubwa, mwanamume wa mabega mapana, aliyekuwa akiwafanyia Wadachi kazi ya reli kule bondeni. Sikuwa na ugomvi naye hata kidogo. Lakini maneno yale yaliniuma kuliko kiuno changu.

Kiuno kiliharibikia njiani. Kabla gari la moshi halijafika Morogoro, mizigo ya Wadachi ilikwenda bara juu ya vichwa vyetu, nami nilikuwa mpagazi mwenye majivuno mengi. Karibu na Mikese niliteleza kwenye tope, nikaanguka pamoja na sanduku. Mganga alinipaka dawa, akanikataza kubeba chochote, akaniamuru nilale mpaka maumivu yaishe. Nikalala. Masika yakapita, kiangazi kikapita, masika mengine yakaingia, na maumivu yapo palepale. Sasa hata miguu ilikuwa imekonda, nikiitazama naona haya.

"Mwambie ndugu yetu asubiri kwanza," nikamjibu dada.

"Usije ukaniangushia mwanangu, kaka."

Kesho yake nilishika fimbo, nikaupanda mlima mpaka kwenye migomba yangu. Kila hatua nilisema leo ndiyo leo, leo kiuno kinakatika. Nikafika, nikakaa chini, jasho linanitiririka, nikarudi polepole. Asubuhi iliyofuata niliamka nikijipapasa kwa hofu. Kilikuwa kinauma vilevile kama jana na juzi, wala hakikuzidi. Kumbe kiuno changu kilikuwa kinauma nilale nisilale! Kama ni hivyo, bora kiniume nikiwa kule juu, natazama mawingu yakitembea bondeni. Nilicheka peke yangu kitandani, kisha nikainuka kuitafuta fimbo.

Tangu hapo sikukamatika. Nilianza kurudi na vichane vya ndizi kichwani, vichache tu, halafu nikaongeza. Kikiamka na ukali kuliko kawaida, sikurudi kulala. Nilipunguza ndizi, nikapanda hivyo hivyo mpaka kitulie. Nilianza kuzijua sauti zake. Kulikuwa na ule uchungu wa kila siku, wenye kelele nyingi na madhara kidogo, na huo nilijifunza kutembea nao. Miguu ilirudi. Hamu ya kula ilirudi. Siku nilipoteremka na mkungu mzima kichwani, mikono nimeiachia, niliingia uani kwa dada kwa madaha, nikauzunguka uwanja wote ili anione.

Aliacha kutwanga. "Mwali anakaa kichwani tangu lini?"

Nilisimama pale na mkungu wangu kama mjinga. Muda wote ule nilikuwa nimejizoeza kipagazi. Mzigo wa kichwani umetulia, lakini mwali anakaa mabegani, anacheza, anayumba huku na huku kufuata ngoma. Nilihitaji kitu chenye uhai, chenye akili zake.

Basi nikamchukua mbuzi.

Nilimweka shingoni, nikamshika miguu, nikaanza kucheza naye uani. Siku ya kwanza alinipiga kwato za kifuani na kunikojolea mgongoni. Majirani walikuja na vinu vyao kwa dada, wakidai kwake kuna kivuli kizuri cha kutwangia. Hata mwali, aliyekuwa amefungiwa ndani asionekane wala kusikika, alicheka kwa sauti mpaka mama yake akaenda kumnyamazisha, naye mama mwenyewe akabaki huko huko ndani akicheka. Sikujali. Mbuzi akiyumba kushoto, kiuno changu kilijua la kufanya.

Siku yenyewe ikafika. Uwanja ulijaa, ngoma zimekwisha kupashwa moto. Ndugu yetu wa relini alikuja na kanzu mpya, akanisogelea.

"Nikae karibu?" akaniuliza kwa upole.

"Kaa karibu, ndugu yangu," nikamwambia, "ila mikono iweke nyuma."

Nilichuchumaa. Wanawake walimtoa mwali, mwili unang'aa mafuta, macho ameyainamisha, wakamkalisha mabegani kwangu. Nikainuka. Nasema nikainuka, na vigelegele vilivyopigwa vilinifanya nijione kijana. Nilicheza mzunguko wa kwanza, nikacheza wa pili, furaha imenijaa mpaka nikasahau kuhema. Kisha uchungu ukaja, mkali, kutoka kiunoni hadi gotini. Nilikuwa nikiusubiri. Nikapunguza hatua, nikaendelea. Lakini miguu ilianza kutetemeka, na mwali aliyekuwa juu aliutambua mtetemo ule. Alinikamata kichwa kwa mikono miwili. Nilimwona ndugu yetu akisogea, mikono imeshatoka nyuma.

Mwali haruhusiwi kusema siku hiyo. Alijiinamisha akaninong'oneza, "Mjomba, unaumia. Nikabidhi kwake."

"Naumia, ndiyo," nikamjibu. "Mwanangu, wewe umekaa ndani mpaka umelisahau jua, na mimi vilevile. Leo tunatolewa sote wawili."

Punde nikasikia vidole vyake vikikiachia kichwa changu, kimoja kimoja, kisha mikono yake ikapanda juu, akaanza kucheza.